Nimemkataza mdogo wangu kwaya

Shangazi, nina miaka 26, nauza chakula kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hapa Katoro. Baba ni mzee wa kanisa kijijini. Kwetu kusuka nywele ni dhambi, hereni dhambi, suruali dhambi, ngoma ndiyo usiseme. Nikiwa binti wa miaka 15 nilichapwa mbele ya wazee kwa kwenda kutazama ngoma kwa jirani. Nilipoondoka nilijiapiza kufanya kila nilichokatazwa, na nimefanya: pombe, disko, wanaume wenye pesa za dhahabu. Kanisani sikanyagi. Sasa mdogo wangu wa miaka 17, ninayeishi naye, amejiunga na kwaya. Nimemkataza. Juzi nilikitupa kitambaa chake cha kichwa chooni. Analia, anasema nimekuwa kama baba. Je, nimekosea kumwokoa?
Niliyetoroka, Katoro

Mwanangu, kwanza pole kwa fimbo zile. Kumchapa mtoto mbele za watu kwa kosa la kutazama ngoma ni ukatili, hata aliyeshika fimbo akiwa ameshika na Biblia. Kuondoka kwako sikulaumu.

Lakini kwa kitambaa kile umekosea, na mdogo wako amekuambia kweli. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini yake. Kwa haki hiyo wewe uliacha, na kwa haki hiyo hiyo yeye anaimba.

Nimeirudia barua yako mara kadhaa, na sijaona mahali unaposema unapenda bia. Unasema tu ilikatazwa. Hata hao wanaume hujasema kama yupo hata mmoja unayempenda. Baba yako yuko mbali, na bado ndiye anayekupangia Jumamosi yako: alichokataza unakifanya, alichoagiza unakikataa. Jiulize, kama mzee asingechukia kitu hiki, ningekitaka? Hereni huenda ukasema ndiyo. Zivae, mwanangu, zikupendeze. Kwa mwanaume anayekukumbuka mzigo ukitoka na kukusahau duara la mgodi likikauka, sidhani.

Na hiyo ngoma uliyochapiwa, wapo Wakristo walioitazama kwa jicho lingine. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alifanya kazi na Wasukuma kuanzia miaka ya 1950, kukawa na makumbusho ya mila zao na kanisa lenye alama za utemi wao. Mpaka leo sherehe ya ngoma ya Bulabo hufanyika pale kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu yakishindana hadharani. Sikutumi ukawe Mkatoliki. Nataka ujue kwamba anayependa ngoma halazimiki kumchukia Mungu, na aliyeacha kanisa halazimiki kuchukia kwaya.

Kuna na hatari nyingine. Siku pombe itakapokuchosha, hatia itakurudia kwa nguvu, na hapo wapo watakaokungoja na chupa za mafuta ya upako, wakuambie ulete akiba yako yote ufunguliwe. Aliyezoea kuamriwa huwaangukia upesi watu wa namna hiyo. Ukitaka kusali tena, sali. Usiende mahali unapotozwa pesa kwa ajili ya woga wako.

Lakini si yote ya baba ni ya kutupa: hebu sasa nikuulize kuhusu daftari la madeni. Mama lishe wa makarasha hawezi kukosa daftari: fulani sahani mbili, fulani atalipa mawe yakisagwa. Wachimbaji wakikuamini uandike bila wao kuchungulia, uaminifu huo ulijifunzia wapi? Nadhani ni nyumba ile ile yenye fimbo. Hicho ni chako, kaa nacho, wala usione haya kwamba kimetoka kwa baba.

Kumpigia simu baba sikulazimishi. Ukiwa tayari, mwamkie, muulize mvua na pamba, ukate. Mambo ya dini yasubiri.

La mdogo wako halisubiri. Mnunulie kitambaa kingine, achague rangi mwenyewe, na umwombe radhi kwa maneno, kwa sababu kitambaa kitupu hakitamwambia kwamba umeelewa. Muulize mazoezi yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi. Wewe ndiye mlezi wake, na usiku wa mji wa wachimbaji unaujua kuliko yeye, kwa hiyo saa ya kurudi panga wewe, na bodaboda awe mtu unayemfahamu. Wimbo wa kuimba achague yeye.