Kadogo Inakugharimu Ngapi? Somo la Bei ya Kilo, Kutoka Dukani Hadi Kwa Sufuria

Ukipita dukani jioni ukitoka kazini, unanunua nini? Mafuta ya hamsini, sukari robo, majani ya chai ya kumi, labda na nyanya tatu kwa mama mboga. Kila malipo ni madogo na hakuna hata moja linalouma. Halafu tarehe 20 inafika, mwezi umepiga kona, na unashindwa pesa ilienda wapi kwa sababu hukumbuki kununua kitu chochote kikubwa.

Somo la leo halitakuambia uache kununua kadogo. Watu wengi hununua kadogo kwa sababu pesa yenyewe inakuja kidogo kidogo, si kwa sababu hawajui hesabu. Tunachotaka ni ujue kadogo inakugharimu ngapi hasa, kisha uhame kwenda kipimo kikubwa kitu kimoja kimoja, bila nyumba kulala njaa.

Bei tutakazotumia hapa ni za mfano tu. Chukua kalamu, weka bei za duka lako, na ufanye hesabu nasi.

1. Bei ya kilo ndiyo bei yenyewe

Bei iliyoandikwa kwa pakiti haikuambii kama kitu ni ghali au ni rahisi. Inakuambia tu utatoa ngapi leo. Ili ulinganishe vipimo viwili, vyote lazima uvipeleke kwa kilo moja au lita moja. Hebu tuone vitu vitatu:

- Mafuta ya kupikia. Mafuta ya shilingi 50 ni mililita 125. Lita moja ina vipimo 8 vya namna hiyo, kwa hivyo unalipa 50 × 8 = shilingi 400 kwa lita. Chupa ya lita moja ni shilingi 300. Tofauti ni shilingi 100.
- Sukari. Robo kilo ni shilingi 45. Robo nne ni shilingi 180. Pakiti ya kilo moja ni shilingi 150. Tofauti ni shilingi 30.
- Unga wa ngano. Pakiti ya kilo moja ni shilingi 90. Ya kilo mbili ni shilingi 170, yaani shilingi 85 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 5 tu.

Umeona? Si kila kadogo inauma sawa. Kwenye mfano huu, mtu anayejinyima ili anunue unga wa kilo mbili huku akiendelea na mafuta ya hamsini ameanzia mahali ambapo hakuna pesa nyingi ya kuokoa. Mafuta ndiyo yanayomaliza mfuko.

Usimkasirikie mwenye duka pia. Yeye anapima, anafunga, anapoteza kidogo kwa kumwagika, na anauza polepole. Hiyo kazi yote inaingia kwa bei.

Halafu kuna mitego mitatu ya kuangalia:

*Pakiti kubwa si lazima iwe rahisi.* Mkate wa gramu 400 na ule wa gramu 800, gawa bei ya kila mmoja upate bei ya gramu 100. Wakati mwingine mikate miwili midogo inalingana na mmoja mkubwa, na wakati mwingine ofa iko kwa ile midogo.

*Soma gramu, usisome ukubwa wa mfuko.* Pakiti mbili zinaweza kutoshana kwa macho na moja iwe na gramu chache.

*Gorogoro si kilo.* Gorogoro inapima ujazo, si uzito. Gorogoro ya mahindi ni kama kilo mbili, lakini nafaka nyingine zina uzito wake. Na ukiona gorogoro imebonyea chini au ubavuni, jua unapunjwa kila inapojazwa. Ukitaka kulinganisha bei ya soko na ya supamaketi, omba maharagwe yako yawekwe kwa mizani mara moja tu. Ukishajua gorogoro ya mahali unaponunua ina kilo ngapi, hesabu yako imekamilika.

2. Vikavu kwa wingi, vibichi kwa udogo

Kununua kwa wingi ni akili kama kitu hakitaoza kabla hujakimaliza. Sukari, mchele, chumvi, majani ya chai, maharagwe, mafuta na unga vinakaa, mradi viwe mahali pakavu na vifunikwe vizuri. Unga na nafaka visiguse sakafu wala ukuta wenye unyevu. Mahindi yaliyoingia maji na kuota kuvu usiyale hata kama umeyalipia, kwa sababu sumu ya kuvu haiishi kwa kuchemsha.

Nyanya, dhania, sukuma wiki, maziwa na nyama ni hadithi tofauti. Kama huna friji, kununua nyanya za mia kwa sababu ni rahisi, kisha nusu yake uitupe, ni kununua nyanya ghali zaidi mtaani. Hapo kadogo ya mama mboga ni akili kabisa. Anakukatia sukuma, anakuuzia ya leo, na hutupi kitu. Kwa maziwa, ukiwa na ATM ya maziwa karibu, beba chupa yako safi na ulinganishe bei yake ya lita na ile ya pakiti. Chemsha kabla ya kunywa.

3. Gharama ya sahani: kupika au kununua?

Bei ya kilo inakusaidia dukani. Jikoni unahitaji swali lingine: sahani hii imenigharimu ngapi?

Tuchukue chapati 12. Unahitaji unga wa ngano kilo moja, maji ya uvuguvugu kama nusu lita na kidogo cha kuongeza, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kidogo ukipenda, na mafuta. Kanda mpaka unga uwe laini na uache kushika mikono. Funika uupumzishe nusu saa, maana ukiruka hapo chapati zinakuwa ngumu na zinarudi nyuma unaposukuma. Gawanya madonge 12, sukuma, paka mafuta, kunja, sukuma tena, kisha kaanga.

Sasa hesabu, kwa bei za kadogo: unga 90, mafuta 50, chumvi na sukari 5, gesi au makaa tuseme 25. Jumla ni shilingi 170, kama shilingi 14 kwa chapati moja. Kibandani ukinunua 12 kwa shilingi 20 kila moja, ni shilingi 240. Ukipika umeokoa shilingi 70.

Lakini usidhani kupika nyumbani kunashinda kila wakati. Chukua githeri. Mahindi makavu na maharagwe huchukua saa mbili au tatu kuiva, na ukichemsha kwa gesi, mtungi wa kilo 6 unaanza kulia. Mama mboga anayechemsha sufuria kubwa anagawa gharama ya moto kwa wateja wengi. Kwa hivyo kununua githeri iliyochemshwa, kisha wewe uikaange na kitunguu, nyanya na hoho, inaweza kuwa rahisi kuliko kuanzia mwanzo. Ukiamua kuchemsha mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mapya na uache yatokote vizuri. Kulowekwa kunapunguza muda wa jikoni, na muda wa jikoni ni pesa.

4. Uliza simu yako

Fungua taarifa yako ya miamala ya mwezi uliopita, kwa programu ya simu au kwa menyu. Pitia malipo ya chakula peke yake na uyapange kwa mafungu matatu: vitu vikavu vya duka, vitu vibichi, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine, kama chapati, chipsi, smokie na mutura.

Usiangalie jumla pekee. Hesabu *mara*. Ukiona umelipa hamsini hamsini kwa duka moja mara 22, hapo ndipo kadogo yako imejificha.

Kuna fungu la nne ambalo watu hulisahau: pesa uliyotoa kwa wakala. Ukitoa 1,000, taarifa inasema tu umetoa 1,000, haisemi ilinunua nini. Tena kila unapotoa unalipa ada. Ukitoa 200 mara tano, umelipa ada mara tano. Ukilipa moja kwa moja kwa Till ya duka, unabaki na ujumbe unaoonyesha jina la duka, kiasi na tarehe. Mwisho wa mwezi huo ujumbe ndio daftari lako. Soma jina la duka kabla ya kuweka nambari ya siri, na uangalie kama ni Till au ni kutuma kwa nambari ya mtu, kwa sababu ada zake si sawa.

5. Panda ngazi, kitu kimoja kimoja

Swali gumu ni hili: kama ninaishi kwa hamsini, hiyo mia tatu ya chupa nzima itatoka wapi?

Rudi kwa chapati. Tuseme nyumba yako hununua chapati 12 za kibanda mara mbili kwa wiki. Ukipika mwenyewe, unaokoa 70 mara mbili, yaani 140 kwa wiki. Kwa wiki mbili ni 280. Ongeza 20 na umefika 300. Iweke kando siku ile ile unapoiokoa, mahali ambapo haichanganyiki na pesa ya matumizi, kwa sababu pesa iliyobaki mfukoni huwa haibaki.

Wiki ya tatu, nunua chupa ya lita moja. Hapa ndipo wengi hupotea: ile hamsini ya mafuta ya kila siku, *endelea kuitoa*, lakini sasa iende kando badala ya kwenda dukani. Kwa mtu anayetumia mililita 125 kwa siku, chupa inaisha siku ya 8. Kando kuna shilingi 400. Nunua chupa nyingine ya 300, na 100 imebaki. Siku ya 16, zimebaki 200. Sasa nunua sukari kilo moja kwa 150 na uondoke kwenye robo. Umepanda ngazi ya pili bila kuomba mtu.

Tahadhari: chupa ikiwa kubwa, mkono unakuwa mwepesi. Mafuta yaliyotosha siku moja yakiwa kwa mfuko mdogo yanaisha kwa kukaanga mara moja yakiwa kwa chupa. Tafuta kikombe kidogo, weka alama ya mililita 125, na upime kila asubuhi. Bila kipimo, lita ya 300 inaweza kukugharimu kuliko kadogo.

6. Majirani wanne, beli moja

Njia nyingine ni kuungana. Beli la unga wa ugali lina pakiti 12 za kilo mbili. Familia nne zikichanga, kila moja inapata pakiti tatu kwa bei ya jumla. Tuseme mnaokoa shilingi 8 kwa pakiti. Kila familia imeokoa 24. Sasa toa gharama: kama kila mtu analipa ada ya shilingi 7 kutuma mchango, imebaki 17. Kama kuna na nauli ya boda ya 100 mkigawana, kila mmoja 25, mmepata hasara. Kwa hivyo mwende kwa jumla ya karibu, mchange mkononi, au mlipe moja kwa moja kwa Till ya mwenye duka.

Na mkopo je?

Siku nyingine mambo yanakataa na unalipia unga kwa mkopo wa simu. Hatutakuhukumu. Lakini ada ya mkopo ni sehemu ya bei ya chakula. Sukari ya 45 iliyolipiwa kwa mkopo wenye ada ya 5 ni sukari ya 50 kwa robo, yaani 200 kwa kilo. Ukishaiona hivyo, utajua ni kitu gani kinastahili kukopewa na ni kipi kinaweza kungoja kesho.

Zoezi la wiki hii

1. Chagua vitu vitano ambavyo nyumba yako hununua kadogo. Andika bei ya kilo au lita ya kila kimoja, kisha bei ya kipimo kikubwa.
2. Piga mstari chini ya kile chenye tofauti kubwa. Hicho ndicho cha kwanza. Vingine viache kwanza.
3. Kwenye taarifa yako ya miamala, hesabu mara ulizokinunua mwezi uliopita.
4. Tafuta mlo mmoja wa wiki utakaoupika badala ya kuununua, na uweke tofauti kando siku hiyo hiyo.

Ukimaliza, mwonyeshe yule mnayepika naye nyumbani, iwe ni mke, mume, dada au mwenzako wa chumba. Mpango unaojulikana na mtu mmoja tu huvunjwa na yule mwingine anayetumwa dukani.