Cheo cha Usimamizi na Hesabu ya Mshahara

Katika nyumba za kulala wageni, migahawa na saluni, yupo mfanyakazi anayesimama katikati: si mwajiri, wala si mhudumu wa kawaida. Ndiye hupanga zamu, hukagua kazi, hupokea malalamiko ya wateja na hufunga mlango baada ya wengine kuondoka. Wasimamizi wengi hupandishwa kutoka miongoni mwa wahudumu wenyewe kwa sababu ya uaminifu na uzoefu, na barua ya uteuzi hupokewa kwa furaha. Hata hivyo, wapo ambao baada ya miezi michache hugundua kuwa majukumu yameongezeka ilhali kipato kimepungua. Somo hili linaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea na namna ya kuipima kabla ya kutia saini.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara, saa za kazi huongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki 4, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida.

Sheria hiyo hiyo inawaondoa katika masharti ya saa za kazi waajiriwa wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa mwajiriwa wa ngazi ya juu ya menejimenti. Masharti hayo ni mawili, na ni lazima yatimie yote. Jina la cheo peke yake halimwondolei mtu haki yake. Msimamizi wa wahudumu wa vyumba anayeripoti kwa mkuu wa idara, ambaye naye huripoti kwa meneja mkuu, hajatimiza sharti la pili. Saa zake za ziada bado zina malipo.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mhudumu wa vyumba anayelipwa Sh 400,000 kwa mwezi kwa saa 45 kwa wiki. Ujira wa saa hupatikana kwa kugawa mshahara kwa 4.333 mara saa za wiki, yaani takriban saa 195. Saa moja ni Sh 2,051, na saa ya ziada ni Sh 3,077. Akifanya saa 40 za ziada kwa mwezi, hupata Sh 123,080 zaidi, na jumla yake huwa Sh 523,080.

Sasa apandishwe kuwa msimamizi kwa Sh 480,000, afanye saa zile zile, ila asilipwe za ziada. Nyongeza ya Sh 80,000 imegeuka upungufu wa Sh 43,080. Mshahara huo ukigawanywa kwa saa 235 alizofanya, kila saa ni Sh 2,043, pungufu ya ujira wake wa saa ya kawaida alipokuwa mhudumu. Lakini kama bado anastahili malipo ya saa za ziada, jumla yake ingezidi Sh 627,000. Tofauti hiyo yote hutokana na swali moja: anaripoti kwa nani?

Makato na matumizi

Katika Sh 480,000, mchango wa NSSF wa asilimia 10 huondoa Sh 48,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2021, sehemu inayozidi Sh 270,000 hadi Sh 520,000 hutozwa asilimia 8; hivyo kodi ni Sh 12,960. Kinachobaki mkononi ni Sh 419,040.

Kutoka hapo hutolewa gharama zinazokuja na cheo. Anayefunga kazi usiku hukuta daladala zimekwisha, akalazimika kupanda bodaboda. Kupanga zamu kwa simu hula salio lake. Bakshishi hubaki kwa anayemhudumia mgeni, na msusi aliyekuwa akilipwa kwa kila kichwa hupoteza wateja wake anapoanza kusimamia wenzake. Tena wahudumu walio chini yake humtazamia kwa michango na mikopo midogo.

Ieleweke pia kwamba Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara hupanga viwango kwa kufuata sekta. Stahili ya usimamizi iliyo juu ya kima hicho hutegemea makubaliano.

Mambo ya kuthibitisha kwa maandishi

Mwajiriwa ana haki ya kupewa maelezo ya ajira kwa maandishi, na yanapobadilika ashirikishwe na kuarifiwa kwa maandishi. Kabla ya kukubali cheo, ni vyema athibitishe:

1. Ataripoti kwa nani.
2. Saa zake ni ngapi, na za ziada zitalipwaje.
3. Kama halipwi saa za ziada, posho ya madaraka ni kiasi gani, na je, inafidia saa hizo.
4. Nani atagharimia nauli ya usiku na simu za kazi.

Mwajiri naye hunufaika akiyaweka wazi, kwa kuwa msimamizi aliyepunjwa huondoka na uzoefu wake.

Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni mazungumzo kazini, kisha chama cha wafanyakazi au Afisa Kazi. Ikishindikana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, au siku 30 iwapo ni la kuachishwa kazi. Daftari la saa za kuingia na kutoka, likijazwa kila siku, ni ushahidi wa kwanza. Msimamizi aanze kulijaza siku ile ile anapopokea cheo.