Akisema "Niko Sawa", Usimwamini

Wadogo zangu, leo mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo. Tuongee raga.

Kitindamimba wetu alikuwa anachezea klabu ya mtaani. Jumamosi moja aliinama kumkaba mtu, goti likamtwanga kwenye paji. Hakuzimia. Aliinuka, akapangusa nyasi, akaenda kusimama kwenye mstari wa wapinzani. Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikiwemo. Kisha nikaingia na chupa ya maji, nikammwagia utosini: "Haya, mwanaume, rudi." Akarudi, akamaliza mechi. Usiku, tukila ugali, aliniuliza mara tatu kama walishinda. Mara ya tatu kijiko kilinianguka.

Ule ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Kichwa kikirushwa ghafla, ubongo husukasuka ndani ya fuvu. Si lazima kichwa chenyewe kigongwe. Hata kukumbwa kifuani mpaka shingo ikarushwa kunatosha. Wengi wanaoupata hawapotezi fahamu hata kidogo, ndiyo maana unatupita hivihivi. Na ile kofia laini wanayovaa huokoa masikio na ngozi. Ubongo haiukingi.

Basi usimuulize "uko sawa?" Atasema yuko sawa, wala hakudanganyi: ubongo unaoulizwa ndio huohuo uliogongwa. Muulize hapa ni uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mara ya mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Akibabaika, anatoka. Hata akijibu yote, kama umemwona akiyumba, macho yamemtoka tu, anasikia kichefuchefu, mwanga unamkera, au ameanza kulia au kufoka bila sababu, anatoka vilevile, na siku hiyo harudi. Najua kwenye televisheni mnaona mchezaji akipelekwa ndani, na baada ya dakika chache yuko uwanjani tena. Wale wana madaktari na picha za marudio. Sisi wa ridhaa tuna mwalimu mwenye kipenga na mfuko wa barafu, tena barafu yenyewe imeshayeyuka.

Mtaniona mkali. Mwaka 2011, huko Ireland Kaskazini, kijana wa miaka 14, Ben Robinson, alifariki baada ya mechi ya shule. Aligongwa, akaendelea kucheza, akagongwa tena. Ubongo ambao haujapona ukipata pigo jingine unaweza kuvimba kwa kasi, na vijana wadogo ndio walio hatarini zaidi.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, akishikwa na degedege, akiona vitu viwiliviwili, akifa ganzi mkono au mguu, au akisinzia mpaka kuamka ni shida, ni hospitali saa hiyohiyo. Shingo ikimuuma, msimwinue wala kumgeuza. Ngojeni mtu anayejua kazi hiyo.

Kama hana lolote kati ya hayo, usiku wa kwanza asiachwe peke yake. Kulala alale, ile habari ya kumpiga vibao ili asisinzie achaneni nayo. Pombe hapana, kuendesha bodaboda hapana, aspirini na ibuprofeni pia hapana, maana zinaweza kuongeza damu kuvuja. Siku mbili za mwanzo apumzike na simu aipunguze. Baadaye atembee, kisha akimbie polepole, akisikia kichwa kinauma anarudi hatua moja nyuma. Masomo yatangulie raga. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ridhaa unasema mechi isiwe kabla ya siku 21, na mazoezi ya kukumbana yangoje mpaka zipite siku 14 bila dalili yoyote. Hizo ndizo siku za chini kabisa. Wengine huhitaji zaidi.

Kuna binti ameniuliza: je, kama fainali ni wiki ijayo, kocha anamtaka kaka yake, na kaka mwenyewe anaapa kwamba amepona? Mwanangu, kocha muoneshe mwongozo huo. Akikaza shingo, nenda kwa refa kabla ya kipenga. Kuhusu kaka yako, mimi viatu vya raga vya kitindamimba vilikaa chini ya kitanda changu wiki tano. Alininunia zote tano.