Rimu Zilizofifia: Somo kwa Vikundi vya Kujisaidia



Vikundi vingi vya vijana huku Mombasa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huanza na kazi ya kuosha magari. Mtaji wake ni mdogo: ndoo, brashi, sabuni na maji. Lakini waoshaji wakiwa wengi bei hushuka, na wanachama hujiuliza: tuongeze kazi gani juu ya hii tuliyo nayo?

Kazi moja iko mbele ya macho yenu kila siku. Wenye matatu, teksi na magari ya nyumbani hununua rimu za urembo za alumini. Baada ya muda zinapauka, zinatoka madoa meupe, na ile klia ya juu inabanduka kama ngozi iliyoungua. Mwenye gari haoni raha. Kikundi kinachojua kuzirudisha hakikosi kazi.

Somo letu leo ni hilo. Lakini shikeni neno moja tangu mwanzo: mng'aro ndio hatua ya mwisho. Rimu si pambo tu. Ndiyo iliyobeba gari na watu waliomo. Fundi anayeanza na rangi anaweza kuficha hatari.

KWA NINI RIMU HUFIFIA?

Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini nayo huliwa. Kiwandani hupakwa rangi, kisha juu yake klia ya kuikinga. Jiwe likigonga, au rimu ikikwaruzwa na ukingo wa barabara, klia hupata tundu dogo. Hapo chumvi ya upepo wa bahari na maji huingia chini yake. Alumini inaanza kuliwa kimya kimya, na mnaona vistari vyeupe vinavyotambaa kama nyuzi chini ya klia.

Vumbi la breki nalo lina vipande vidogo vya chuma. Likikaa muda mrefu linashika na kuacha madoa. Na sisi waoshaji pia tuna makosa. Tukiosha kwa maji ya kisima yenye chumvi na kuliacha gari likauke lenyewe, tunaipaka rimu chumvi. Suuzeni kwa maji matamu, kisha fuateni kwa kitambaa kikavu.

KWANZA KAGUENI

1. Jueni mnachoshika. Wekeni sumaku. Ikinasa, rimu ni ya chuma. Isiponasa, kwa kawaida ni alumini. Ikiwa inang'aa kama kioo na ngozi yake inabanduka, huenda imepakwa kromu. Hiyo msiipige msasa. Kazi ya kromu ni ya mtaalamu.

2. Osheni rimu nje na ndani mpaka iwe safi. Vumbi la breki lioshwe likiwa limelowa, lisipulizwe kwa kompresa. Pedi nyingine za breki, hasa za zamani, zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

3. Tafuteni ufa. Tazameni palipo na mwanga wa kutosha: kuzunguka matundu ya nati, kwenye mizizi ya mikono ya rimu, na ukingo wa ndani ambao watu husahau. Mstari mwembamba usiotoka kwa kuosha usiuamini.

4. Muulizeni mwenye gari kama tairi hupoteza upepo au kama usukani hutetemeka. Pakeni maji ya sabuni kwenye ukingo wa rimu tairi likiwa na upepo. Mapovu yakitoka, kuna njia ya upepo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa rimu, ufa hauzibwi kwa rangi wala fila. Rimu yenye ufa, au iliyopinda vibaya, haipakwi. Mwambieni mwenyewe aibadilishe.

Wako pia wanaonyoosha rimu kwa moto wa gesi au kuichomelea. Nguvu ya rimu nyingi za alumini imetokana na kupashwa joto kwa kipimo kiwandani. Ukiichoma ovyo unaipunguzia nguvu hiyo, na kwa macho huwezi kujua.

VIFAA

Msasa wa maji namba 180, 320, 400 na 600, brashi laini, sabuni, spiriti ya kufutia mafuta, selotepu ya karatasi na magazeti, praima ya alumini, rangi ya rimu, klia, glovu, miwani na barakoa inayofaa rangi. Leso usoni haizuii mvuke wa rangi.

Msitumie asidi ya betri, kostiki soda wala dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Zote hula alumini, na zinaunguza mikono na macho.

Jihadharini pia na rangi na klia za makopo mawili zinazochanganywa na dawa ya kukaushia. Nyingi zina kemikali inayoweza kumletea mpulizaji pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haitoshi. Kikundi kisicho na chumba maalumu na barakoa ya kuletewa hewa safi kitumie rangi ya kopo moja tu.

HATUA ZA KAZI

1. Legezeni nati kidogo gari likiwa chini, kisha inueni. Gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Inafaa tairi litolewe na fundi wa tairi. Kama halitolewi, lifunikeni vizuri. Kadi za zamani zikichomekwa kati ya rimu na tairi hukinga rangi.

2. Osheni tena, kausheni, kisha futeni mafuta kwa spiriti. Msasa ukipita juu ya mafuta unayasukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi haitashika.

3. Pigeni msasa. Anzeni na 180 palipoliwa au kukwaruzwa, na msiache mpaka vile vistari vyeupe viishe kabisa na kupita kidogo mwisho wake. Kikibaki kipande, kitaendelea kula chini ya rangi mpya. Kisha 320, halafu 400 rimu yote. Ukingo wa klia ya zamani ulainike. Ukipitisha kidole usisikie ngazi. Tumieni maji ili vumbi lisiruke. Vumbi la alumini hushika moto, kwa hiyo msifanye kazi hii karibu na mashine ya kusaga chuma inayotoa cheche.

4. Suuzeni kwa maji matamu, kausheni kabisa, futeni tena kwa spiriti. Kuanzia hapo msiguse kwa mkono mtupu.

5. Zibeni kwa selotepu sehemu zisizopakwa: viti vya nati, uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, mahali tairi linapokaa, na tundu la valvu. Hili msilichukulie kuwa dogo. Rangi nene chini ya nati husagika gari likitembea, na nati hulegea.

6. Pulizeni praima siku hiyo hiyo, kwa sababu alumini iliyo wazi haichelewi kuota ukungu wake. Kisha rangi, mipako myembamba mitatu, halafu klia. Muda wa kusubiri kati ya mpako na mpako umeandikwa kwenye kopo, ufuateni. Mpako mmoja mzito hutiririka machozi. Praima ikiwa na chembe, ilainisheni kwa namba 600 kabla ya rangi.

7. Chagueni wakati. Asubuhi mapema kuna umande, na siku za mvua hewa imejaa maji. Klia inaweza kugeuka nyeupe kama maziwa. Jua la mchana nalo huikausha rangi kabla haijatulia. Fanyeni kivulini, mahali penye hewa, mbali na moto na watoto.

8. Acheni rimu zikauke siku nzima au zaidi kabla ya kuzirudisha.

KUZIRUDISHA KWENYE GARI

Ondoeni kutu na uchafu kwenye habu. Kazeni nati kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa kupishana, msizifuate kwa duara. Malizieni kwa kipimo cha kampuni ya gari mkitumia spana ya kipimo. Kama risasi za balansi zilitolewa, magurudumu yapelekwe kubalansiwa. Mwambieni dereva arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 ili nati zikaguliwe tena, na hii isiwe kwa malipo.

PIGENI HESABU

Bei zinabadilika, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Tuseme kwa rimu nne mmetumia: msasa shilingi 400, praima 800, rangi 900, klia 900, spiriti 250, selotepu 150. Jumla ni 3,400. Watu wawili wamefanya kazi siku mbili kwa shilingi 700 kwa siku: 2,800. Akiba ya vifaa 400. Jumla yote 6,600, yaani 1,650 kwa rimu moja.

Sasa mteja akisema atatoa 1,200 kwa rimu, na ninyi mkakubali kwa kuogopa kumkosa, mmepoteza 450 kwa kila moja, au 1,800 kwa gari zima. Mweka hazina aandike kila kopo na kila siku ya kazi. Bila daftari, kikundi kinaweza kuwa na kazi nyingi na bado kikafa njaa.

MAZUNGUMZO YA KUIGIZA KATIKA MKUTANO

Fundi: Shikamoo mzee.

Dereva: Marahaba. Vipi vijana, rimu zangu tayari? Kesho alfajiri niko barabarani.

Fundi: Tatu ziko sawa, mzee wangu. Hii ya nne ina ufa hapa kando ya tundu la nati. Hebu tazama mwenyewe.

Dereva: Aa, kadogo tu hako. Nipakie rangi, mie nitaendesha pole pole.

Fundi: Mzee, ufa haujui pole pole. Tukiupaka hutauona unavyokua, na wewe unabeba abiria.

Dereva: Basi nitampelekea fundi mwengine.

Fundi: Ni haki yako. Lakini sisi hatuwezi. Utalipa tatu tu, na tukikusaidia kutafuta nyingine ya saizi hiyo hatutakutoza kitu.

Dereva (baada ya kunyamaza kidogo): Haya, itafuteni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi kilipoteza nini siku ile, na kilipata nini?

2. Kama dereva angeondoka kwa hasira, je, fundi angekuwa amekosea?

3. Katika kikundi chetu, ni nani atakayekagua rimu kabla ya rangi, na ataandika wapi alichokiona?

4. Tuna barakoa zinazofaa kwa wote wanaopuliza? Kama hatuna, tutazinunua kwa fedha ipi, na lini?

Chukueni rimu moja mbovu iliyotupwa, mjifunzie hiyo kwanza. Ikiwashinda, hakuna aliyepata hasara. Ikitoka vizuri, iwekeni mbele ya kibanda chenu watu waione. Kizuri chajiuza.