Aliyefika Baada ya Jua Kuchwa

Somo kwa walimu wa dini na kwa wasomaji wote: 1 Wakorintho 9:24–27, Waebrania 12:1–13.

Karibu na mji wa Korintho palikuwa na mahali paitwapo Isthmia, ambapo kila mwaka wa pili Wayunani walikusanyika kushindana kwa mbio, kwa mieleka na kwa ngumi. Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka na nusu (Matendo 18:11). Basi hakukosa kusikia habari za mashindano hayo, na huenda aliwaona kwa macho yake vijana waliojinyima vyakula na anasa kwa ajili ya siku moja. Mshindi alipewa taji la majani. Mara lilikuwa la msunobari, mara lilikuwa la mboga iliyokwisha kunyauka. Wasomaji na watazame neno hilo: mboga iliyonyauka! Paulo anenapo juu ya taji liharibikalo, si mfano tu. Taji lile lilikuwa limekwisha kuharibika kabla halijawekwa kichwani.

Wako watu wazima wasiopenda kusikia habari za michezo kanisani. Husema ya kuwa mbio ni jambo la watoto wa shule, na kwamba Mtume mwenyewe aliandika kwa Timotheo ya kuwa mazoezi ya mwili yafaa kidogo tu. Ni kweli, aliandika hivyo. Lakini hakuona haya kuwatazama wapiga mbio na kujifunza kwao, kama vile Bwana wetu hakuona haya kumtazama mpanzi na mvuvi. Nasi twaweza kumtazama mtu wa nchi yetu.

Mbio ndefu iitwayo marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mtu wa Lugoba aijuaye barabara ya kutoka Bagamoyo hata Msata, ambayo urefu wake ni kilomita 64, na ahesabu theluthi mbili zake, kisha awaze kuzipiga mbio bila kukaa chini. Ndivyo walivyofanya watu 75 tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, kwenye michezo ya Olimpiki. Mji ule uko juu sana, mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mtu asiyeizoea hupungukiwa na pumzi upesi, na misuli humkaza. Mbio ilianza saa tisa alasiri. Miongoni mwao alikuwako John Stephen Akhwari, Mtanzania, mwenyeji wa Mbulu.

Walipokuwa wamekwenda kilomita 19 hivi, wapiga mbio wakasongamana, kila mtu akitafuta nafasi. Akhwari akagongwa, akaanguka vibaya. Goti lake likajeruhiwa na kuteguka, na bega lake likapigwa katika barabara. Waganga wakamfunga kitambaa mguuni, akasimama. Zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya 20.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alifika kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Watu wakashangilia, na wengi wakaondoka uwanjani. Baada ya saa moja na dakika tano hivi, jua likiwa limekuchwa na watu wachache tu wakiwa wamesalia, akaingia mtu mmoja akichechemea, mguu umefungwa, akizunguka uwanja polepole hata mwisho. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Katika watu 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa 57. Wengine 18 hawakufika kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, ya kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile aanze tu, bali amalize.

Asidhani mtu ya kuwa Akhwari alikuwa mpiga mbio dhaifu. Mwaka 1970, huko Edinburgh, katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano katika marathoni. Siku ile ya Mexico hakushindwa na udhaifu wake. Alipatwa na yale yanayoweza kumpata mtu ye yote.

Habari hii husimuliwa sana, hata katika mahubiri, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Mhubiri husema: „Jitahidini kama Akhwari, nanyi mtashinda.” Lakini Akhwari hakushinda! Alikuwa wa mwisho. Ikiwa twataka mfano wa mtu aliyejitahidi akapewa dhahabu, wako wengine, na karibuni amekuwako Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia mjini Tokyo mwezi wa Septemba 2025, naye alimtangulia mwenzake kwa punje ya sekunde. Huo ni mfano mwema kwa kijana mwenye nguvu. Bali haumfai mama aliyezika watoto wawili, wala mzee wa kanisa aliyeanguka katika ulevi akaona haya kurudi. Hao wanahitaji habari za goti lililoteguka.

Sasa tuisome sura ya 12 ya Waebrania. Twaijua mistari mitatu ya kwanza: wingu la mashahidi, mzigo wa kuweka kando, saburi, na Yesu atazamwaye. Wengi wetu huishia hapo, tukafunga kitabu. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Katika mistari ya 12 na 13 anarudi kwenye mbio yake, na safari hii haneni habari za wenye mbio. Anena habari za mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, tena awataka wasomaji wake wasawazishe njia, ili mguu ulio kiwete usizidi kuharibika, bali upone. Neno la Kiyunani alilotumia hapo waganga wa zamani walilitumia kwa kiungo kilichoteguka mahali pake. Basi Maandiko yenyewe yalijua habari za goti la mpiga mbio. Tena amri ile haikuandikiwa yule kiwete peke yake, eti ajikaze. Imeandikwa kwa wengi: ninyi, sawazisheni njia.

Hapa ndipo mfano wa Mexico unapotufundisha jambo jingine. Akhwari hakujifunga kitambaa mwenyewe. Wako watu waliomwinamia barabarani. Hatuyajui majina yao, wala hakuna aliyewapa nishani, lakini pasipo wao labda asingeinuka. Kazi ya mwalimu wa dini katika vijiji vyetu, tangu Chalinze hata Wami, yafanana na kazi ya watu wale. Katika mtaa wenye Wakristo wachache, waliotawanyika, wengine wakiwa wageni waliofuata kazi ya machimbo ya kokoto au biashara ya barabarani, mtu mmoja akikosa ibada Jumapili tatu, hapana wengi wa kumtafuta. Na akiwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa alilolitenda, mara nyingi humwacha akae mbali mpaka aone kwamba mbio imekwisha kwake. Hapo haijaisha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika neno lake la kumi na mbili, lafundisha waziwazi ya kuwa walioanguka baada ya kubatizwa waweza kupata msamaha wakati wo wote watubupo, na kwamba kanisa lapaswa kuwatamkia ondoleo. Nalo lawakataa wale wa zamani waliokataa kuwasamehe. Hilo ni fundisho letu, si huruma ya mchungaji mmoja mwenye moyo laini.

Lakini mtu aweza kuuliza: je, tukisema hivi juu ya kupiga mbio, haturudii kufundisha ya kwamba mtu huokolewa kwa bidii yake? Swali hili ni jema, na mwalimu asilipite. Na atazame shati la Akhwari. Alipewa shati la Tanzania kabla hajapiga hatua moja. Hakupiga mbio ili apate kuwa Mtanzania. Alipiga mbio kwa kuwa ni Mtanzania, naye alikuwa Mtanzania vilevile alipokuwa amelala barabarani. Ubatizo wetu ndio shati letu. Tena Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza sehemu ya tatu ya Imani, alikiri kwamba hawezi kumwamini Kristo kwa nguvu zake mwenyewe, bali Roho Mtakatifu ndiye amwitaye na kumhifadhi. Basi na kusimama tena ni kazi ya Roho. Hata hivyo, mguu uliosimamishwa ni wangu, na ndio unaouma.

Iko habari nyingine ya siku ile isiyosimuliwa sana. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa ameshinda marathoni ya mwaka 1960 huko Roma, akipiga mbio bila viatu, na tena mwaka 1964 huko Tokyo. Hapakuwa na jina kubwa kupita lake. Mexico aliacha mbio kwa sababu ya maumivu ya mguu, kabla hawajafika nusu ya njia. Tusimhukumu, mguu wake ulikuwa mgonjwa kweli. Lakini na tujue kwamba sifa ya jana haimbebi mtu leo. Wako waliobatizwa zamani, waliojenga kanisa kwa mikono yao, wasemao habari za miaka ile kana kwamba zatosha. Naye Bikila hakuishia hapo: mwaka 1969 alipatwa na ajali ya motokaa, miguu yake ikapooza, akashindana tena kwa kutupa mishale akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1973.

Sharika zetu za Kilutheri nazo zinayo habari ya namna hii. Katika vita vya kwanza vya dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika nchi hii, na mwaka 1939 na 1940 jambo hilo likatokea tena. Waliobaki ni walimu Waafrika, wengi bila mshahara, bila vitabu vya kutosha, wala bila mchungaji wa kubariki Meza ya Bwana. Walifundisha, walizika wafu, walishika orodha za wabatizwa. Hawakujua vita vitakwisha lini. Mpiga mbio ajua walau kilomita zilizosalia. Wao hawakujua hata hilo.

Mwalimu atakapofundisha somo hili, asianze na Mexico. Kwanza na wasome Waebrania 12 yote hata mstari wa 13, kisha awaulize wanafunzi: Kwa nini mwandishi aliwaambia wengi wasawazishe njia, asimwambie kiwete peke yake? Halafu asimulie habari ya Akhwari, awaulize ni nani katika habari ile aliye mfano wa usharika. Mwisho na afungue orodha ya mtaa wake pamoja na wazee, asome majina ya wale ambao hawajaonekana tangu Pasaka, na wapatane ni nani atakwenda nyumba ipi, na siku gani.