Kaboni Katika Ardhi Iliyoganda: Madhara ya Msimu Mmoja Mbaya

Mwaka 1828 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Yakutsk, huko Siberia, aliyeitwa Fyodor Shergin, alianza kuchimbisha kisima. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Wachimbaji walishuka mpaka kina cha mita 116 bila ya kupata maji, kwani kila walipofika waliukuta udongo ungali umeganda. Kisima hicho hakikumfaa mwenyewe, lakini kiliwafaa wanasayansi, ambao katika miaka ya 1840 walishusha vipimajoto ndani yake ili kujua hali ya joto ardhini.

Ardhi ambayo joto lake halizidi nyuzi 0 za Sentigredi kwa miaka miwili mfululizo au zaidi huitwa ardhi ya mgando wa kudumu. Imeenea Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada. Kila kiangazi tabaka la juu huyeyuka kwa kina cha sentimeta chache au hata mita moja na zaidi. Humo mimea huota, na majani na mizizi yake hufa. Lakini kabla mabaki hayo hayajamaliza kuoza, baridi hurejea na kuyagandisha. Msomaji aliyezoea kuona lundo la majani likigeuka mboji katika msimu mmoja wa mvua hana budi kufikiria lundo ambalo limekuwa likiongezwa kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Hesabu za wataalamu zinaonyesha kwamba ardhi hiyo ya kaskazini ina kaboni ipatayo tani bilioni 1,400 hadi 1,600, yaani karibu maradufu ya ile iliyomo katika hewa yote ya dunia.

Barafu inapoyeyuka, vijidudu huanza kula mabaki hayo. Mahali pakavu, penye oksijeni, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mahali palipotuama maji hutoa pia methani, ambayo, tani kwa tani, huongeza joto la dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi katika muda wa miaka 100. Kwa hiyo haitoshi kujua ni kiasi gani cha ardhi kitayeyuka. Yapasa kujua pia kama maji yatabaki juu yake au yatakwenda zake.

Kwa muda mrefu hesabu za jambo hili zilifuata wastani: joto la dunia likipanda kidogo, tabaka linaloyeyuka huongezeka kina kidogo. Njia hiyo si ya kupuuzwa, ila ina upungufu mmoja mkubwa. Ardhi haipatwi na wastani. Hupatwa na kiangazi fulani, mvua fulani, moto fulani. Ndiyo maana watafiti wengi vijana, waliomaliza shahada ya udaktari na kujiunga na vituo vya utafiti, wamegeukia kuchunguza matukio makali ya hali ya hewa.

Tukio la mwaka 2007 laonyesha sababu. Mwezi Julai, baada ya ukame, radi iliwasha moto karibu na Mto Anaktuvuk, kaskazini mwa Alaska, katika nyika isiyo na miti ambayo kwa kawaida ni chepechepe na ni nadra kuungua. Moto uliendelea mpaka vuli, ukateketeza kilometa za mraba zipatazo 1,000. Haukula majani tu, bali uliingia ndani ya mboji. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba kila mita ya mraba ilipoteza kilo 2 hivi za kaboni, na jumla yake ikawa tani milioni 2.1. Kiasi hicho chakaribiana na kile ambacho nyika zote za namna hiyo kaskazini mwa dunia zilikuwa zikihifadhi kwa mwaka mmoja, kwa wastani, katika robo ya mwisho ya karne ya 20.

Kaboni iliyoungua ilikuwa na umri usiozidi miaka 50. Ile ya kale, iliyo chini zaidi, haikuguswa. Hata hivyo jambo hilo lisimtulize mtu upesi. Mboji na kuvumwani ni kama blanketi linaloizuia ardhi isipate joto la kiangazi. Blanketi likipungua, joto hupenya. Majani yaliota tena mapema, lakini katika miaka iliyofuata barafu iliyokuwa chini yake iliyeyuka, na ardhi ikatitia mahali pengi.

Mvua nayo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Karibu na mji wa Fairbanks, Alaska, watafiti walipima kina cha kuyeyuka kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Kila sentimeta moja ya mvua iliyozidi kawaida ya kiangazi iliongeza kina hicho kwa milimeta 7 hivi, kwa sababu maji yashukapo huchukua joto pamoja nayo. Theluji nyingi pia, ingawa ni baridi, huifunika ardhi na kuizuia isipoteze joto lake wakati wa kipupwe.

Tarehe 20 Juni 2020 joto la nyuzi 38 lilipimwa Verkhoyansk, Siberia, mahali ambapo kipupwe kimewahi kushuka zaidi ya nyuzi 60 chini ya 0. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kipimo hicho mwaka 2021 kuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupatikana kaskazini ya Duara la Aktiki.

Kupima gesi itokayo katika ardhi wakati wa matukio kama hayo ni kazi ngumu. Minara yenye vyombo vya kupimia ni michache katika eneo kubwa mno, na mingi iko mbali na barabara na umeme. Tena tufani, moshi na mafuriko huharibu vyombo au kuvizima, hata siku zenye habari kubwa kuliko zote mara nyingi ndizo zinazoachwa tupu katika daftari.