Somo la Wiki: Kitambaa cha Pamba na Poliesta Kinavyopata Namba ya Ushuru

Wafanyabiashara wa nguo wa Kibondo na Kasulu hupata mzigo kwa njia kuu mbili: ule unaotoka bandari ya Dar es Salaam, na ule unaovuka kutoka Burundi kupitia Mabamba na Manyovu. Kwa njia yoyote ile, kitambaa kilichotengenezwa nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru kwa namba yake katika kitabu cha forodha, si kwa jina lake la sokoni. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2007, lakini kitenge cha Asia hakigeuki kuwa cha Burundi kwa kupitia Bujumbura.

Namba hizo hufuata mfumo wa dunia ulioanza kutumika 1988. Kwa vitambaa vya kufumwa vya mchanganyiko, maswali ni matatu.

Uzi upi ni mwingi?

Kipimo ni uzito. Pamba ikizidi, kitambaa huingia Sura ya 52. Nyuzi fupi za poliesta zikizidi, huingia Sura ya 55. Kwa hiyo pamba asilimia 60 na poliesta 40 ni Sura ya 52. Pamba 35 na poliesta 65 ni Sura ya 55. Zikiwa nusu kwa nusu, huchukuliwa namba inayokuja mwisho kitabuni, yaani Sura ya 55.

Wengi hukosea penye nyuzi tatu. Chukua pamba asilimia 45, poliesta 30 na viskosi 25. Pamba inaonekana kuongoza, lakini nyuzi za kutengenezwa kiwandani hujumlishwa pamoja kwanza. Jumla yake ni 55, hivyo kitambaa hicho ni cha Sura ya 55.

Kina uzito gani?

Pamba ikiwa asilimia 85 au zaidi, namba ni 5208 kwa kitambaa kisichozidi gramu 200 kwa mita ya mraba, na 5209 kikizidi. Pamba ikiongoza lakini ikiwa chini ya asilimia 85, na imechanganywa hasa na nyuzi za kiwandani, namba ni 5210 au 5211 kwa mpaka huohuo wa gramu 200. Kwa poliesta iliyo chini ya asilimia 85 na kuchanganywa hasa na pamba, namba ni 5513 au 5514, na mpaka ni gramu 170.

Mizani ya duka inatosha kukupa makisio. Jora la yadi 12 lenye upana wa sentimita 115 lina takriban mita za mraba 12.6. Likiwa na kilo 1.4, gawanya gramu 1,400 kwa 12.6: unapata gramu 111 kwa mita ya mraba.

Kimetiwa rangi au kimechapwa?

Hapa ndipo fedha ilipo. Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, vitambaa vingi vya kufumwa viliwekewa asilimia 25, lakini khanga, kikoi na kitenge viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti kwa asilimia 50. Orodha hiyo iligusa namba za pamba na za mchanganyiko pia. Kuongeza poliesta kwenye kitenge hakukuwa njia ya kukwepa.

Tufanye hesabu kwa viwango hivyo vya 2005 na VAT ya asilimia 18, bila tozo nyingine. Mzigo una thamani ya Sh. 4,000,000, pamoja na nauli na bima. Ukiandikwa kama kitambaa cha kawaida, ushuru ni Sh. 1,000,000 na VAT Sh. 900,000, jumla Sh. 1,900,000. Ukiandikwa kitenge, ushuru ni Sh. 2,000,000 na VAT Sh. 1,080,000, jumla Sh. 3,080,000. Tofauti ni Sh. 1,180,000, na kwa duka dogo hiyo ni faida yote ya mzigo.

Tofauti hiyo inaweza kudaiwa hata baada ya majora kuuzwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inaruhusu kudai ushuru uliopungua ndani ya miaka mitano. Bei uliyouzia hutaweza kuirekebisha.

Ushauri wetu

Kabla ya kuagiza, mtake muuzaji aandike kwenye ankara asilimia ya kila uzi, gramu kwa mita ya mraba, na kama kitambaa kimechapwa. Kuchoma uzi husaidia kidogo: pamba huacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu, lakini moto hautoi asilimia. Kama mzigo ni mkubwa, omba TRA uamuzi wa awali wa namba kwa maandishi. Viwango hubadilika kwa tangazo la Gazeti la Jumuiya kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai, hivyo usipange bei kwa kiwango cha mwaka jana.

Nawe unayetia mtaji kwenye duka la mwenzako, ulizia namba iliyo kwenye hati ya forodha kabla ya kuulizia mgawo wa faida.